Malalamiko Dhidi ya Fundi Anayemaliza Kazi Ijumaa

Erastus Wathome,
Machakos Mjini.
Jumatano, 9 Aprili 2025,
mwaka wa thelathini na tisa tangu niondoke Kola.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Magari wa Nyuma ya Soko,
Machakos.

Ndugu Mwenyekiti Muthoka,

KUH: MWENENDO WA FUNDI KAMANTHE

Nakusalimu wewe, kamati yako, na kila mwanachama mwenye grisi chini ya kucha. Mimi ni mkutubi mstaafu, si mtu wa ugomvi. Katika miaka yote niliyoishi mji huu nimelalamika kwa maandishi mara moja tu, na hiyo ilihusu mbuzi aliyeingia maktaba akala kamusi kuanzia A hadi M.

Leo nalazimika kumshtaki mwanachama wako, Kamanthe, yule mwenye gereji ya mabati mekundu. Shtaka ni zito, kwa hiyo naomba uketi kwanza. Mwanamke huyu anamaliza kazi. Akisema Ijumaa, Ijumaa ikifika, kazi imekwisha.

Mimi niliingia gereji yake kwa imani niliyojengewa na mafundi waliomtangulia. Wa kwanza alikaa na gari langu hadi watoto wake wakamaliza shule. Wa pili aliifungua injini yote, akaenda Nairobi kutafuta spea, na mpaka leo hajarudi. Naamini bado anatafuta, na ninamheshimu. Hao walikuwa mafundi.

Ili uelewe nilivyodhulumiwa, sharti nieleze habari za gari na za mlima.

Gari lenyewe ni la spoti, la zamani: milango miwili, viti viwili, rangi ya machungwa, na boneti ndefu kama sentensi ya wakili. Kwetu Kola waliliita Kavaluku, ambaye kwa Kikamba ni sungura. Desemba 1986 nililiendesha nikimpeleka dada yangu Ndila kanisani kuolewa. Tulipofika Kona ya Kwa Maundu, mahali ambapo barabara hupanda ghafla kama mtu aliyetukanwa, injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Bibi arusi akashuka na gauni lake jeupe, akakunja mikono, akasukuma. Wanawake wa msafara wakasukuma pamoja naye. Na kwa kuwa wanawake wa kwetu hawawezi kusukuma kitu kimyakimya, wakatunga wimbo palepale:

Kavaluku ana masikio marefu,
Kavaluku ana miguu mifupi,
leo bibi arusi amembeba sungura.

Nimeutafsiri. Kwa Kikamba unauma zaidi.

Injini iliwaka tulipofika juu, ambako haikuhitajika tena. Nilimshusha Ndila mlangoni pa kanisa, sikuizima injini wala sikungoja wimbo uishe. Niligeuza gari nikateremka hadi mjini, na nikaapa kwamba sitaupanda mlima ule tena ila kwa gari lilelile, likiwa na injini iliyofanywa vizuri hivi kwamba mkono wa mtu hautaligusa kwa nyuma.

Kutoka hapa hadi Kola, kijana wa bodaboda hufika kabla chai yako haijapoa. Asubuhi isiyo na ukungu nikisimama mlangoni naviona vilima vya kwetu. Nimevitazama hivyo tangu nikiwa na nywele.

Kwa miaka mingi jambo hili halikunisumbua, kwa sababu Ndila alikuwa akija mjini siku za soko. Tulikunywa chai. Tulikuwa na mengi ya kuzungumza, na arusi haikuwa mojawapo. Wakati wa kuondoka alisema, "Njoo nyumbani," nami nikasema, "Injini," tukaagana. Lakini tangu mwaka jana magoti yake yamekataa kupanda gari lolote. Sasa kama tutaonana tena kabla mmoja wetu hajazikwa, ni mimi nitakayepanda. Mwezi wa pili alinitumia ujumbe kwa binti anayeuza maparachichi: "Mwambie Wathome, kama anaogopa mlima, anitumie hiyo gari peke yake. Nitaisukuma mwenyewe."

Unaona basi kwamba jambo ni la dharura. Na wahenga waliposema haraka haraka haina baraka, sina shaka walikuwa wakizungumzia injini.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimpelekea Kamanthe injini ikiwa ndani ya magunia matatu na ndoo moja, kama alivyoiacha yule fundi wa Nairobi. Kwa heshima niliyokuwa nayo kwa taaluma yenu, nilitarajia kuiona Krismasi. Ijumaa iliyofuata akanipigia simu: "Mzee, kuja uchukue gari yako. Inanguruma mpaka jirani amekuja kulalamika." Nilikwenda mbio nikamwamuru aifungue tena.

2. Hana maono. Kila kitabu nilichosoma juu ya magari ya spoti kinakubaliana na vingine katika jambo moja: ukishaifungua injini, ni upumbavu kuifunga vilevile ilivyokuwa. Nilimpelekea mpango niliouchora kwa wino wa rangi tatu. Silinda zipanuliwe. Pistoni ziwe kubwa zaidi. Kabureta ziwe mbili badala ya moja. Kamshafti iwe ya kufungua valvu kwa upana, ili injini ipumue kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Bomba la moshi lipanuliwe pia, kwa maana anayekula sana hutoa sana. Kamanthe aliutazama mpango ule, akaugeuza, akautazama kwa upande mwingine, akasema: "Mzee, unataka kupanda Kola ama kwenda mwezi?"

Nilimjibu kwamba njia ya kwenda mwezini haina kona.

3. Anadharau hesabu. Nilimweleza polepole. Nguvu ikiongezeka, joto linaongezeka, kwa hiyo tunahitaji radieta kubwa. Radieta kubwa ni nzito, kwa hiyo tunahitaji nguvu zaidi. Nguvu zaidi itakula klachi, kwa hiyo tuweke klachi kubwa, na breki kubwa, ambazo ni nzito, kwa hiyo tunahitaji nguvu zaidi. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi na kila mara nimeona kwamba haina mwisho, jambo ambalo mimi nalichukua kuwa ushahidi wa ubora wake. Kamanthe anasema mpango usio na mwisho ni ugonjwa.

Kwa nia njema nilikubali kupunguza uzito. Niling'oa redio. Niling'oa kiti cha abiria, gurudumu la akiba, honi, kioo cha kujitazama, na kipimo cha petroli. Siku ya kulipima gari uzito nilivua hata viatu. Mwanamke huyu alisimama akinitazama nikikaa peku kwenye usukani, akauliza mbele ya wateja: "Na kofia je?"

4. Hili ndilo lililoniumiza zaidi. Kola iko juu kuliko mji, na hewa ya juu ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya Machakos itakabwa koo Kola. Kwa hiyo ni lazima irekebishwe kwa hewa ya Kola. Lakini gari haliwezi kufika Kola kabla kabureta haijarekebishwa. Nilidhani hapa nimemfikisha mahali pa kukaa na kutafakari kwa mwaka mmoja hivi.

Jumatatu aliingia uani kwangu na pikipiki, amefunga nyuma tyubu ya trekta iliyojaa tele. Alikuwa amebeba pampu ya mkono hadi mlimani. "Hii hapa hewa ya Kola, Mzee Wathome. Nimeitoa hapo Kwa Maundu, kwa kona yenyewe. Sasa sema ingine."

Niliipokea tyubu kwa mikono miwili.

Nimeihifadhi tyubu hiyo chumbani kama ushahidi. Nilifungua valvu kidogo ili kuthibitisha kilichomo. Kilinuka mpira. Nikafungua mara ya pili: mpira. Mara ya tatu kulikuwa na kitu nyuma ya mpira, kama vumbi lililonyeshewa, na maua ya mbaazi. Nikaifunga upesi, maana ushahidi haufai kupotezwa ovyo. Hata hivyo lazima niungame kwa kamati kwamba ushahidi unapungua, na tyubu sasa imelegea kama shavu la mzee.

5. Hawezi kungoja. Nilimwonyesha kwamba, kwa injini niliyoipanga, gari litafika Kona ya Kwa Maundu kwa kasi itakayolifanya liikose kona yenyewe na kutua katika shamba la kunde la kanisa. Kwa hiyo kabla ya kuifunga injini, serikali inapaswa kuinyoosha barabara. Nilimwomba angoje. Hilo tu. Akasema hawezi kungoja serikali kwa sababu ya injini ya mtu mmoja. Mwenyekiti, raia asiyeweza kuingoja serikali, huyo ana haraka ya kwenda wapi?

6. Jana ameifunga injini bila ruhusa yangu. Ni ileile ya kiwandani, ringi mpya, gasketi mpya, basi. Kila bolti ameitia tone la rangi nyekundu ili ajue nikiigusa. Ameniambia: "Ijumaa unaenda, mzee. Dada yako anangoja." Dada yangu si spea. Hakutajwa popote katika mpango wangu.

Kwa hayo yote naiomba kamati yako iamuru injini ifunguliwe na iwekwe tena katika magunia yake. Impige Kamanthe marufuku kutamka neno Ijumaa mbele ya wateja wazee. Na ikiwezekana, impeleke kwa mafunzo chini ya yule fundi wa Nairobi, pindi atakapopatikana.

Mimi si mtu wa kudai bila ushahidi. Kesho kutwa nitaliendesha gari hadi Kona ya Kwa Maundu nikiwa na injini hiyo ya kawaida, ili lishindwe hadharani. Matokeo nitayaambatanisha hapa, kisha nitaileta barua yote pamoja.

Nisalimie kamati, walinzi wa usiku wa gereji, mama wa chai na maandazi, wanaouza betri kuukuu, na yule jirani wa Kamanthe aliyelalamika kuhusu mngurumo. Mwambie hayuko peke yake.

Ni mimi, katika subira,
Erastus Wathome

Tanbihi. Kola, Jumapili.

Mwenyekiti, naandika nikiwa mezani kwa Ndila, na barua ataileta yule binti wa maparachichi. Kama nilivyoahidi, Ijumaa nilitoka kwenda kuthibitisha kwamba gari haliwezi kufika Kola, na nasikitika kwamba uthibitisho wangu unatoka Kola.

Lilipita kona kwa gia ya pili. Halikukohoa. Nilipofika juu nikatazama huku na huku, na hapakuwa na mtu ila ndama mmoja. Ushindi usioonwa na mtu ni uvumi tu, kwa hiyo niliteremka nikapanda tena. Safari hii hata ndama alikuwa ameondoka. Nikateremka nikapanda mara ya tatu, na hapo petroli ikaisha, jambo ambalo ningalilijua mapema kama nisingaling'oa kipimo chake. Gari likasimama Kona ya Kwa Maundu, palepale, kama punda anayekumbuka.

Nilikaa. Baada ya muda nikasikia fimbo ikigonga mawe. Ndila, ambaye boma lake liko karibu na kona, alilizunguka gari, akatazama mahali pa kiti cha abiria, akatazama miguu yangu isiyo na viatu.

"Umechelewa," akasema. "Arusi iliisha."

Kisha akaita. Wakatoka wakaza wana wake na wajukuu kwenye migomba na vichakani, wakashika gari kwa nyuma. Ndila hakusukuma, aliweka fimbo yake juu ya buti akasimamia. Nao wakaimba. Kumbe ule wimbo haukufa. Huimbwa katika kila arusi ya huku, hata mtoto asiyejua kufunga vifungo anaujua. Niliushika usukani nikingoja mistari ile mitatu ipite, maana safari hii sikuwa na gari la kukimbilia.

Ilipita, nao wakaendelea:

Kavaluku wa ndugu yangu,
hata akisukumwa hufika;
wangapi wana ndugu wa kumsukuma?

Huu nao nimeutafsiri. Kwa Kikamba ni mfupi zaidi, lakini sikuweza kuufuata hadi mwisho, kwa sababu ya vumbi.

Kwetu wimbo wa arusi hutania kwanza, ndipo husifu. Kila mtoto wa Kola anajua hilo, nami nilikuwa mtoto wa Kola. Lakini ubeti wa pili haumfikii mtu ambaye tayari yuko gia ya nne.

Basi, naondoa malalamiko yote isipokuwa la nne. Hilo nalishikilia. Hewa aliyoniletea Kamanthe kwenye tyubu haikuwa hata robo ya hii.

Gari liko nyuma ya ghala, na kuku mmoja amekubali kiti cha dereva. Petroli huuzwa dukani hapo chini, lakini sijamtuma mtu. Mwombe Kamanthe aniletee miwani yangu ya kusomea na viatu, Ijumaa. Tyubu aichukue, ni yake. Mwenye nyumba mwambieni chumba changu ampe mwingine.

Sitarudi.