Ombi la Kuletewa Mlima Dutwa

Dutwa, Bariadi
Februari 1996

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaokusaidia kupanga herufi. Naomba nafasi gazetini ili wakubwa wa soko huria wanisome, kwa kuwa kila nikienda ofisini kwao naambiwa wako semina.

Mimi ni mkulima wa pamba na mahindi. Mvua imetukwepa msimu wa pili sasa. Mahindi yamekauka yakiwa magotini, pamba imeshindwa hata kutoa maua, na chakula chetu asubuhi na jioni ni michembe, yaani viazi vilivyokaushwa. Mke wangu Mektilda ametamka kwamba mwezi huu ukiisha bila mvua atachukua watoto aende kwao Mwamanyili. Nampenda, Ndugu Mhariri, na yeye hana kawaida ya kutishia. Ndiyo maana naandika.

Binti yetu Lukresia, aliye sekondari, amenieleza chanzo. Upepo wa kusi hutoka baharini ukiwa na maji mengi. Ukifika Usambara hukuta milima imeziba njia, hivyo hulazimika kupanda. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa, na upepo uliopoa hauwezi kushika maji. Huyaachia papo hapo. Huko Amani, kwenye milima hiyo, anasema, masika hunyesha mpaka nguo zinaota ukungu sandukuni. Kisha upepo huteremka upande wa pili umekauka, na sisi hutufikia na vumbi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlima ni mlanguzi. Enzi za duka la kaya, bidhaa zilipogawiwa kwa kipimo, mtu akikutwa na mifuko miwili ya sukari chini ya kitanda alilala mahabusu. Mlima unajilimbikizia mvua ya nchi mchana kweupe, na sijasikia hata umepewa onyo.

2. Mlima haulimi. Nasikia kuna wanaolima chai mgongoni mwake, nami sina ugomvi nao, ila chai bila maziwa ya ng'ombe wetu ni maji ya moto tu. Ng'ombe wenyewe sasa unaweza kuwahesabu mbavu.

3. Tuliambiwa ukiritimba umekwisha. Ni kweli, pamba iliyokuwa na mnunuzi mmoja leo inagombewa na wanne, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani na maoni yake. Pale Somanda, Saidi mwenye duka anauza sabuni za kila rangi. Mvua peke yake ndiyo imebaki na wakala mmoja.

4. Kwa hiyo naomba mwekezaji atujengee mlima wa binafsi. Vilima tulivyo navyo upepo unavivuka bila hata kuinua mguu. Udongo si tatizo: malori ya wanunuzi huja matupu kufuata pamba, basi kila lori lije na udongo. Mlima uwekwe nyuma ya mashamba yetu, upande wa kaskazini-magharibi, ili kusi ikija ikwame na kutumwagia sisi. Jirani yangu Shija anasema milima ni kazi ya Mungu. Nimemkumbusha kwamba hata kununua pamba tuliambiwa ni kazi ya ushirika peke yake.

5. Ikiwa upepo utazidi kutufikia mtupu, Usambara ikatwe mlango, upana wa malori mawili kupishana, mzigo upite. Wenye milima wasione tunawaonea. Ushindani, tumefundishwa, ni kwa faida ya wote.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na hata wale wanaosoma gazeti la kuazima. Huku Shija na Lukresia wanakusalimu. Mektilda atasalimu mvua ikinyesha.

Ni mimi, ninayetazama juu mpaka shingo inauma,
Fredrick Mayala

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Mektilda ameisoma barua. Ameuliza jambo moja tu, kwamba nyuma ya mlima huo wanaishi akina nani. Lukresia amechora chini kwa kijiti, na nyuma ya mlima imetokea Mwamanyili yote, pamoja na shamba la mpunga la mama mkwe. Nilikuwa sijalitazama jambo hili kwa upande huo. Michembe tunayokula tangu Desemba imetoka kwenye ghala la mama huyo, na hajawahi kutusimanga. Nimeona aibu sana, maana mtu anayemkatia mvua mkwe wake hata mlanguzi anamshinda utu. Mlima msilete, na Usambara iacheni ilivyo. Mektilda amesema yeye na watoto watabaki Dutwa. Atakayekwenda Mwamanyili ni mimi, na jembe begani, kumpalilia mama yake mpunga.