Jua la Dirishani kwa Mzee Rasik

Jumatatu, 1 Machi 2004

Kenton, London. Baridi. Lakini siku kubwa! Mama anakuja Juni kutoka Wete, na safari hii anakuja kukaa moja kwa moja. Nyumba haina pa kumlaza. Basi nitajenga nyuma: chini chumba cha Mama, juu yake ofisi yangu. Mwanabaraka ameuliza ofisi ya nini, na mimi ni karani wa bima ambaye kazi yake huiacha mezani saa kumi na moja jioni. Mke wangu ni mwema sana. Hana upeo tu.

Kikwazo kimoja. Kaunsili, wanaotoa kibali cha kujenga, wanataka kujua jengo langu litamnyima jirani mwanga kiasi gani. Jirani mwenyewe ni Mzee Rasik, Mhindi wa Tanga, aliyefiwa na mkewe mwaka juzi. Kiswahili chake kinampita mbali binti yangu Sundus, ambaye namsemesha kwa Kiswahili naye hunijibu kwa Kiingereza.

Mwanabaraka anamjua mtaalamu wa kupima mwanga: Haika, binti wa Moshi, wa chama chao cha akina mama. Nimesema haina haja. Jua nilijifunza Pemba, sitafundishwa leo London.

Jumamosi, 6 Machi

Jua limetoka! Nimesimamisha mpini wa fagio bustanini. Mzee Rasik akaja uani kwake kutazama, nikamweleza. Tangu utotoni tunajua: adhuhuri kivuli kiko miguuni mwako. Kikirefuka mpaka kikutoshe kimo, alasiri imeingia. Kwa hiyo saa za mchana jengo langu halitamtia mtu kivuli. Akatikisa kichwa kukubali.

Adhuhuri ikafika. Kivuli cha fagio kikaupita mpini wenyewe kwa urefu, kikaenda kulala mlangoni mwa jiko. Nikaligeuza fagio juu chini. Vilevile! Mzee Rasik akasema, kwa upole kabisa, kwamba hata yeye mwaka wake wa kwanza hapa alikuwa akikitafuta kivuli chake miguuni.

Nimemwambia fagio ni bovu. Nimemwambia Mwanabaraka amwite Haika.

Jumanne, 9 Machi

Haika amekuja na kompyuta ya kupakata. Hakutazama jua hata mara moja! Kachora nyumba zote mbili, kauliza madirisha. Ananiita shemeji kwa kila sentensi. Anasema jua ni jambo moja, na mwanga wa mchana ni jambo la pili: wanapima anga inayoonekana mtu akiwa dirishani, hata ikiwa na mawingu. Miaka ishirini nipo nchi hii, sijasikia mtu akiyahesabia mawingu faida.

Lakini akadondosha siri bila kujua! Dirisha la sebule huhesabiwa, la jiko, la chumba cha kulala, la chumba cha kulia. La bafu halihesabiwi. La stoo halihesabiwi.

Stoo.

Alhamisi, 11 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Rasik na uso wa unyonge. Nimemwomba anihifadhie vitu vya Mama, maboksi machache tu, kwenye chumba chake cha nyuma. Ndicho chenye dirisha litakalozibwa na jengo langu. Maboksi yenyewe nilikuwa nimeyajaza magazeti.

Hakuuliza hata swali moja. Kasema vitu vya mama haviachwi kwenye baridi. Akasogeza kiti. Akasogeza meza. Kisha akanyanyua chungu kilichokuwa dirishani, chenye mrihani mzuri wa kunukia, akakipeleka ukumbini kusikofika mwanga. Nikamuuliza mrihani ule kaupata wapi. Akasema wao wanauita tulsi. Aliuotesha marehemu mkewe, na yeye kila asubuhi akiumwagilia huongea na mkewe kidogo.

Nikapanga maboksi haraka haraka. Nikatoka bila kuaga. Labda ni uzito wa magazeti.

Jumamosi, 13 Machi

Haika kwa Mzee Rasik. Nilikuwepo, kusaidia. Nikasifia stoo. Haika akasema haoni stoo, anaona chumba cha kulia chenye maboksi. Akaomba yaondolewe apate kufika dirishani. Nikanyanyua la juu, chini yake pakapasuka. Magazeti sakafu nzima! Mzee Rasik akayatazama. Akanitazama mimi. Akasema bila shaka mama yangu ni msomaji mkubwa, akaenda kupika chai.

Kule ukumbini mrihani umelegea majani. Nimeurudisha dirishani mwenyewe, nikaufuta vumbi kwa leso. Haika aliniona. Akaendelea kupima.

Jumamosi, 20 Machi

Majibu. Dirisha la Mzee Rasik litapoteza mwanga kuliko inavyoruhusiwa, na jua la asubuhi karibu lote. Kosa si la chumba cha Mama. Chumba cha Mama peke yake, na paa lake la chini, kinapita bila taabu. Kosa ni la ofisi.

Nimemuuliza Haika kama ofisi ikipakwa rangi nyeupe itapita. Nimemuuliza kama Mzee Rasik akiyaondoa mapazia. Amefunga kompyuta.

Jioni mlango ukagongwa. Mzee Rasik. Alikuwa ameshasikia. Hakutaka kukaa.

"Jenga vyote viwili, Abdulwakil," alisema. "Mimi nitawaambia kaunsili sina neno. Wangu simpokei tena uwanja wa ndege. Wewe wako anakuja."

Nimekwenda kulia bafuni, ambako dirisha halihesabiwi.

Jumatatu, 22 Machi

Ofisi nimeifuta kwenye ramani. Ni kwa sababu za kitaalamu. Mwanabaraka kanipikia mkate wa kumimina siku ya kazi, na alipopita nyuma ya kiti changu akanishika bega. Nampenda mwanamke huyu. Sijui kwa nini simwambii.

Jumapili, 13 Juni

Mama ameshafika! Wiki nzima sasa. Chumba chake kina kuta, paa bado, kwa hiyo analala sebuleni na kila anayepita anamhoji. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa Mzee Rasik. Siku ya pili Mama akamrudishia ziara, na tangu hapo hajakosa asubuhi hata moja. Wanakaa dirishani kwenye jua, wanabishana kuhusu Tanga na Wete wapi palikuwa na samaki watamu. Mama aliomba ruhusa, akachuma kijitawi cha ule mrihani akakitia ndani ya ushungi wake. Mzee Rasik akasema marehemu angefurahi.

Mama anasema London yote hajaona mahali pazuri kama pale. Anasema jua lile linamshughulikia magoti kuliko dawa za hospitali. Nimemtazama kupitia dirishani, amefumba macho, uso wote umemng'aa, nikasikia raha ambayo sijaisikia tangu nitoke nyumbani.

Na kwenye raha hiyo, wazo! Ofisi bustanini! Kibanda cha mbao. Hakihitaji kibali, nadhani. Kirefu kwenda juu, ili rafu zienee. Mahali nimeshapapima, pembeni kwenye ua, mbele kidogo ya dirisha la Mzee Rasik, ambapo jua hufika mapema. Na safari hii sitamtia mtu yeyote kivuli. Asubuhi bustanini hapakai mtu, Mama na Mzee Rasik wanashinda ndani.

Seremala anaanza kesho. Mama sijamwambia. Nataka akiona kinainuka awe amekaa palepale pake.