Rangi Zote kwa Okeny

Jumatatu, 2 Juni
Siku ya kumi na saba ya ndoa. Mume wangu (mume!) amekunywa chai yangu vikombe viwili, akasema tamu. Sukari nilisahau kutia. Mapenzi hayo!

Video ya harusi imefika. Balaa. Turubai la kukodi lilikuwa la rangi ya chungwa, sote tumekuwa mapapai yaliyoiva. Na Jumapili lazima ionyeshwe kwa mamamkwe, kule Lubaga, mbele ya ukoo mzima! Wifi yangu Akech anamjua fundi wa video huko Kabalagala. Nikamjibu kwamba mke mwenyewe yupo. Akauliza, wifi, hiyo video utaichemsha au utaikaanga?

Jumanne, 3 Juni
Mume wangu Okeny yuko zamu Namugongo, analinda mahujaji wa Siku ya Mashahidi. Nyumba baridi bila yeye. Nimeazima kompyuta ya kaka yangu Bonny. Ina programu yenye kitu kinachoitwa maski. Unachora duara kumzunguka mtu, unabonyeza, nalo linamfuata kila aendako. Kama moyo wangu! Rangi ya ndani unaitengeneza peke yake, ya nje peke yake.

Bonny alisema nipunguze uchungwa kwenye nyuso, basi. Basi? Bonny hajaoa. Mimi nataka Okeny peke yake abaki na rangi, dunia nzima iwe kijivu. Ndivyo nilivyomwona siku ile.

Ijumaa, 6 Juni
Duara limemnasa Okeny na suti yake ya damu ya mzee. Dakika tatu za mwanzo nimetazama, nimelia. Arobaini zilizobaki sikutazama. Mapenzi ni kuaminiana.

Bonny kanionya nikague penye dansi, maana Santo, msimamizi wa bwana harusi, alivaa suti ileile. Nikamwambia mimi mume wangu simchanganyi na mtu.

Jumapili, 8 Juni
Ole wangu.

Watu ishirini na wawili sebuleni. Mamamkwe akajiona kijivu. Ukutani kwake, picha za kijivu ni za waliokwisha kuzikwa! Akauliza taratibu ni nani aliyeniambia mimi, Filda, kwamba yeye amekufa. Mjomba mmoja, naye kijivu kwenye video, akavua kofia.

Kisha dansi. Santo akapita mbele ya Okeny, na duara likaondoka naye! Mume wangu akafifia kama majivu, Santo akawaka kama taa za Krismasi. Halikurudi tena. Kwenye keki mimi namlisha marehemu, na nyuma yetu Santo ananyonya mfupa wa kuku kwa rangi zote. Akech akapiga vigelegele, akauliza, wifi, hongera tumpe bwana harusi yupi?

Njia nzima ya kurudi Okeny hakunishika mkono. Mara ya kwanza tangu tuoane.

Jumatatu, 9 Juni
Sikukuu, yuko nyumbani, amenuna hadi saa nne. Nikamweleza kila kitu: duara, suti, dunia ya kijivu. Akanitazama. Akauliza kama kweli nilimwona hivyo siku ile. Nikasema hata leo, na hiyo fulana yenye tundu. Akacheka! Kanishika mkono! Ana ombi moja tu: Jumapili ijayo mama yake awe hai.

Bonny anasema nifute maski, kila mtu atarudi na rangi yake, kazi ya dakika moja. Kufuta! Nirudishe mapapai? Hapana. Kila mgeni atapata duara lake. Wageni mia moja na themanini, siku sita. Inawezekana kabisa.

Nimeanza na mamamkwe. Duara limemshika vizuri mlangoni, likamfuata hadi meza ya chakula, hapo likabaki na sufuria ya malakwang. Yeye ameendelea kijivu, ila mboga imependeza mno! Nimeiacha hivyo. Aliipika mwenyewe, atafurahi.