Breki za Gari la Makasha

Jumatatu, 6 Mei

Silinda kuu ya breki imefungwa. Kwa mikono yangu! Imekaa mbele ya pedeli, inang'aa, ina matundu mawili: moja la kupeleka mafuta magurudumu ya mbele, jingine ya nyuma. Nimeitazama mpaka chai ikapoa. Gari hili lilikuja vipandevipande ndani ya makasha, na leo lina kila kitu isipokuwa mabomba ya breki. Kitu kidogo.

Mke wangu hakuuona udogo wake. Amesema amechoka kuishi na gari lisilokwenda kokote. Jumapili litoke humu chumbani, lifike langoni, lisimame lenyewe. Likishindwa, jirani alichukue. Jirani alikuwa amesimama mlangoni. Husimama hapo tangu nilipolifunga gari taa, mate yakimtoka.

Wa kuniokoa ni mmoja: shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, fundi wa mafriji, anayekunja mabomba kila siku. Kumwomba? Mimi? Aliyeliita gari langu beseni lenye taa? Thubutu!

Jumanne, 7 Mei

Nina mpango. Sitaomba kitu. Friji yetu itaharibika, mke wangu atamwita dada yake, naye atakuja na sanduku la vifaa. Humo kuna kibano cha kupanulia midomo ya mabomba. Macho yangu yatachukua ujuzi, mikono yangu itachukua kibano.

Nimelegeza waya mmoja ndani ya plagi. Kazi safi kabisa.

Jumatano, 8 Mei

Nyama imeoza. Mke wangu haongei na mtu, na mtu huyo ni mimi.

Shemeji alikuja, akaiangalia plagi, akaniangalia mimi, akakaza waya, akaomba chai. Sanduku hakulifungua! Basi alipokuwa akinywa chai nikalifungua mimi. Kibano sasa kiko chini ya kiti cha dereva. Si wizi. Wizi ni usipokusudia kurudisha.

Alhamisi, 9 Mei

Bomba la kwanza. Nilipanua mdomo wake taratibu, ukatoka wa mviringo, laini, wa kupendeza. Nikaushika juu ya taa nikausifu. Ndipo nikaiona nati, mezani.

Nati huvikwa kwanza, mdomo hupanuliwa baadaye. Mdomo ukishapanuka, nati haipiti hata kwa maombi. Nikakata, nikavika nati, nikapanua upya. Nati ilikuwa imegeuka nyuma mbele. Nikakata tena. Sasa bomba halifiki gurudumuni. Jirani akauliza, kwa upole kabisa, kama viti nitamwachia.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata bomba jingine, nimeunga yote! Nikamimina mafuta, nikakanyaga pedeli kwa nguvu. Yakaruka kutoka kila kiungo. Mafuta ya breki hula rangi. Boneti yangu nyekundu imeota malengelenge.

Wakati huohuo shemeji akaingia, anatafuta kibano chake. Kilikuwa mkononi mwangu. Nilingoja matusi. Badala yake alipiga magoti, akachungulia viungo vyangu, akauliza ni nani aliyenifundisha kuipa breki mdomo wa friji. Akanieleza kwamba bomba la friji hupanuliwa mara moja tu, la breki hukunjwa mdomo mara mbili, kwa sababu uzito wote wa mguu unaishia pale, na kifaa chake ni kingine. Kisha akasema ningemwomba tu, angekuja tangu Jumatatu. Amekuwa akitamani kuligusa gari hili toka siku makasha yalipofunguliwa.

Nikamkabidhi kibano chake.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike nini? Nimemwona fundi!

Hakuanza na bomba. Alianza na waya laini, akaulaza kufuata mwili wa gari, mbali na joto la injini, mbali na usukani. Kisha akakunja bomba jipya kufuata waya ule. Kona zake hazina hata kibonyeo. Karibu na silinda akalizungusha bomba pindi moja, ili mtikiso usije ukalivunja. Mabomba mawili yanashuka sambamba, yanageuka pamoja, yanaachana pale tu yanapolazimika. Nati zilivikwa kwanza. Zote! Nilisahau kujisifu asubuhi nzima. Nikamwambia wazi kwamba sijawahi kuona kazi nzuri namna hii. Akaniambia nishike taa vizuri.

Mchana tukatoa upepo ulionaswa ndani ya mabomba. Mke wangu kwenye pedeli, shemeji gurudumuni akipaza sauti: kanyaga, shikilia, achia! Mimi niliongeza mafuta silinda isikauke. Mapovu yakapungua, yakaisha. Mke wangu akasema pedeli sasa inabisha kama mimi, akacheka. Sijamsikia akicheka humu tangu makasha yafike.

Jumapili, 12 Mei

Mke wangu amekataa niendeshe mimi. Amesema pedeli anaijua yeye. Jirani alikuja amevaa vizuri, na kamba ya kuvutia gari begani.

Likateremka kuelekea langoni. Likashika kasi. Nikafumba macho. Kimya.

Nilipofumbua, lilikuwa limetulia, pua yake shibiri moja kutoka kwenye lango. Jirani akaikunja kamba yake pole pole. Shemeji akapiga kigelegele. Mimi nililia, sifichi.

Kisha mke wangu akafungua lango, akamwita dada yake apande. Viti ni viwili. Walirudi jua likitua, vumbi usoni, wakicheka kama wasichana wa shule. Ufunguo ameuweka kwenye mkoba wake.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu ameenda kazini na gari. Jioni atampitia dada yake. Chumba kitupu, sakafu ina mafuta. Nimekaa katikati, nikayatafakari makosa yangu kama mtu mzima.

Shemeji anasema tatizo langu ni kuona aibu kuomba. Mke wangu anasema tatizo langu ni ujanja. Nawaheshimu sana, hasa baada ya kazi ile, lakini wote wawili wamekosea. Tatizo lilikuwa breki.

Nimeagiza boti ya kuunga mwenyewe. Boti haina breki.