Sufuria ya Presha Ivuliwe Ukuu wa Shule

Kothrud, Pune

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Hapa sote wazima, isipokuwa ratiba.

Mwezi uliopita ulikuja ukatukuta tukisomesha watoto nyumbani, Ojas chini ya meza, Ira na nguo za kulalia. Ukasema: "Shule gani haina kengele? Hata mbuzi wana kengele!" Ukateleka sufuria yako ya presha, ukaamuru kila kipindi kiishe kwa filimbi ya tatu ya mvuke wake, ukapanda basi kurudi Satara. Ukaahidi kwamba sikukuu ya mwaka mpya, Gudi Padwa, ukikuta vurugu, wajukuu utaondoka nao wakaanze shule ya bweni.

Nimeandika habari za mahakama miaka mingi. Hukumu naijua nikiisikia. Nakata rufaa.

1. Mwalimu Mkuu huyu, yaani sufuria yako, hana msimamo. Siku ya choroko, hesabu hupita kama chafya. Siku ya maharagwe makavu, Ira alimaliza kitabu akaanza kunisahihisha mimi.

2. Anahongeka. Ira, asiyependa hesabu, huloweka maharagwe kwa siri ili yaive upesi. Ojas, anayependa somo la wadudu, huyaopoa na kuyafuta kwa taulo. Muuza mboga naye keshaingizwa kwenye njama. Nimemsikia Ojas kwa masikio yangu: "Kaka, leo tupe yale magumu kabisa, tuna siafu."

3. Mamlaka yake yamevuka mpaka. Bwana Gokhale wa mlango wa pili, mstaafu wa benki, akisikia filimbi ya tatu huweka gazeti chini na kwenda mapumziko. Mkewe kaniuliza: "Shemeji, huyu naye mmemwandikisha lini?"

4. Jumanne gesi iliisha katikati ya hesabu za kugawanya. Hakuna filimbi, kipindi hakiishi. Binti yako Ketaki aliwabembeleza watoto waje kula. Wakagoma, sheria ni ya bibi. Nikapiga filimbi kwa mdomo. Ira hakuinua hata kichwa: "Baba, hiyo haina mvuke."

Kwa hiyo naomba sufuria irudi Satara kwa basi la kwanza, nasi turudie utaratibu wetu wa zamani: kipindi huanza mtu akiuliza swali, huisha tukianza kugombana. Na watoto wabaki kwao.

Msalimie Baba Mkwe, shangazi zake Ketaki wote, na yule jirani mwenye nyati mkali.

Mkweo asiyebisha ila kwa maandishi,
Shrirang

Nyongeza: Hapo juu nilikatizwa na filimbi ya tatu, nikajikuta uani nacheza kriketi na Bwana Gokhale. Kurudi, nimekuta mchoro wa Ira kwenye mlango wa friji: maharagwe yaliyolowekwa na makavu, kila aina na muda wake wa kuiva, hesabu zote za kugawanya zikiwa sahihi. Hakuna aliyemtuma. Rufaa naifuta. Usichukue sufuria, wala watoto. Ila ukija, njoo na mpira mpya wa mfuniko. Huu umeanza kuvujisha mvuke, na kipindi cha Kimarathi kilichofuata mapumziko hakijaisha hadi sasa. Nakuandikia nikiwa darasani.