Malalamiko Dhidi ya Wanafunzi Wanaosikiliza Bila Kuuliza

Kwa Ndugu Mkuu wa Wanafunzi,

KUHUSU: OMBI LA KURUDISHIWA UFUNGUO WA CHUMBA CHA WASAIDIZI RIKA

Nianze kwa kutenganisha mambo. Najua umemwoa dada yangu, na najua kazi hii ya ulezi wa bweni la wasichana sikuipata kwa sababu hiyo, ingawa watu wana midomo. Barua hii ni ya kiofisi. Humu ndani sitakuita shemeji, na nikikuita ujue nimepitiwa.

Utakumbuka ulinikabidhi mpango wa wasaidizi rika, yaani wanafunzi wanaofundishwa kukaa na wenzao waliofanyiwa ukatili wa kingono, wawasikilize na kuwasindikiza popote wanapotaka kwenda. Ulinikabidhi koridoni ukiwa unakimbilia kikao, ukaniambia wewe si unajua kuongea na watoto. Kuongea najua. Bwenini wananiita Redio na wanadhani sina habari. Basi nikajiona nimepata. Leo mimi msimamizi sina ufunguo, sina kiti, na kazi niliyobakiwa nayo katika mpango wangu mwenyewe ni kuchemsha chai. Ijumaa kamati yako inaamua kama chumba kibaki mikononi mwa hao wanafunzi na taratibu zao, au kirudi chini yangu na taratibu zangu. Kabla hamjanyoosha mikono, naomba unisome mpaka mwisho.

1. Ubao wangu umeng'olewa. Mpango ulipoanza nilichongesha ubao mkubwa wenye herufi nyekundu: KITUO CHA WALIOBAKWA, KARIBUNI WOTE. Chini nikaweka mshale. Nikausimamisha mkabala na mlango wa kantini ili asitokee mtu wa kusema hakuuona. Na kweli waliuona. Wanafunzi wakifika pale walikuwa wanageuza njia, wanazunguka nyuma ya maktaba, wanaingilia mlango wa jikoni. Muhula mzima hakuja mtu. Nilikaa mle chumbani na maua yangu ya plastiki na boksi la tishu, nikamaliza mafumbo yote ya gazeti. Muhula ulipokwisha nikakuandikia ripoti kwamba tatizo la ukatili wa kingono chuoni kwetu limekwisha. Ukanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote nikapigiwa makofi. Siku ile nilivaa viatu vya harusi ya mwanangu.

2. Wasaidizi rika wenyewe walipoanza kazi waliung'oa, wakaugeuza upande wa pili, na sasa wanapigia pasi juu yake. Mlangoni wamebandika kikaratasi kidogo: TUNASHONA VIFUNGO. Kiongozi wao ni msichana wa mwaka wa tatu, wenzake wanamwita Fundi, mwembamba, mpole, na hatikisiki. Alinieleza kwamba mtu akionekana anaingia kwenye chumba cha vifungo hakuna wa kumnong'ona, maana kila mtu ana shati. Anaingia na nguo mkononi, kifungo kinashonwa kweli, na akitaka kusema anasema. Asipotaka anachukua shati lake anakwenda zake, labda arudi siku nyingine na jingine. Nikamwambia hapa ni chuo, si kwa mshonaji. Ubaya ni kwamba wanashona vizuri. Wahadhiri wanaleta makoti. Wewe mwenyewe, Ndugu Mkuu, mwezi uliopita ulituma suruali. Ulipoituma kulikuwa na msichana pale aliyekuwa ameanza kusema jambo zito, akanyamaza, akawasaidia kuishikilia suruali yako mpaka ilipokamilika, kisha akaendelea alipoishia. Ulisema kazi ni safi.

3. Wamenifelisha. Hili linaniuma kuliko yote. Fundi alisema hata msimamizi hawezi kukaa na wageni, wala kushika ufunguo, kabla hajafaulu zoezi lao. Zoezi lenyewe ni igizo: mmoja anajifanya mgeni, anaeleza, wewe unasikiliza. Unaruhusiwa kusema nakusikia, unaruhusiwa kusema pole, unaruhusiwa kuuliza angependa nini kifanyike. Basi. Hakuna kuuliza sababu, hakuna ushauri. Nikacheka. Mimi nimelea watoto wa watu miaka yote hii nishindwe kukaa kitako?

Mara ya kwanza nilishindwa kabla mgeni hajamaliza sentensi yake ya kwanza, kwa kuwa nilitaka kujua ilikuwa saa ngapi. Mara ya pili nilijizuia nisiulize, ila nikamsimulia habari za jirani yangu wa zamani ili kumtia moyo, na simulizi hiyo ina sehemu nyingi; nilipozinduka wale watoto walikuwa wananisikiliza mimi, kwa huruma. Mara ya tatu niliingia nimejiziba mdomo kwa leso. Nikatulia. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nashinda, naapa. Ndipo Fundi, aliyekuwa anajifanya mgeni, akasema kwamba jioni ile alikuwa anarudi bwenini peke yake, na leso ikanidondoka nikasema, "Peke yako?"

Maneno mawili tu. Nikawaambia hayo si maswali, huo ni mshangao. Fundi akanijibu kwa adabu zote kwamba mgeni wa kweli angesikia kuwa kosa ni lake kwa kutembea bila mwenzake, kisha angeomba maji ya kunywa na asingerudi. Nimefelishwa na mtoto ambaye juzi tu nilikuwa nampa dawa ya malaria.

4. Hawana heshima kwa samani za chuo wala kwa magoti ya wakubwa. Utaratibu wao ni kwamba mgeni anachagua pa kukaa, na mlango uwe wazi au ufungwe. Siku moja nimepeleka chai nikamkuta msichana amekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho chini. Wale wasaidizi wote wakashuka sakafuni bila neno. Viti sita vitupu vya chuo vinatutazama. Nikashuka na mimi, maana mimi ndiye msimamizi. Kushuka nilishuka. Kunyanyuka kulinishinda, mpaka kijana mmoja wa mwaka wa pili, mrefu, wanayemwita Ngazi, aliponishika makwapani akaninyanyua kama godoro, na chai ikanimwagikia. Yule msichana, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu aingie, akacheka. Nimedhalilika mbele ya mgeni. Tangu siku ile anakuja kila wiki, na akifika anauliza kama nipo.

5. Huyo Ngazi mwenyewe ni lalamiko. Nilidhani wamemweka kwa ajili ya kubeba vitu. Kumbe hata wavulana wanakuja kusikilizwa. Wanakuja na mashati, wanakaa na Ngazi upande wa dirishani, wanaongea wakitazama nje. Kwenye ripoti yangu ya kwanza niliandika kwamba wavulana hawahusiki na jambo hili isipokuwa kama watuhumiwa. Sasa unaniambia nini niandike? Nitaonekana mtu asiyejua kazi.

6. Naomba hapa uwe makini, maana ni hoja ya kitaalamu. Wakati wangu, chini ya ubao wangu, kesi zilikuwa sifuri. Wakati wao, kwa vifungo vyao, kiti hakipoi. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataona kwamba chumba hiki kinazalisha matatizo. Chuo kilikuwa salama mpaka watu walipoanza kusikilizwa. Ukichunguza zaidi utaona kwamba hata hao wanaokuja leo wanasema yaliwapata muhula uleule niliopigiwa makofi, jambo ambalo ni utovu wa nidhamu: kwa nini hawakuja wakati ule, na mimi nilikuwepo, na mshale ulikuwepo?

7. Msimamo wao hauelewiki. Msichana mmoja aliamua kushtaki. Wakaenda naye hospitali, wakaenda naye polisi, wakakaa naye kwenye benchi kutwa nzima, Fundi akakosa mtihani wake wa majaribio na hakulalamika. Sawa, nikasema hawa wanapenda mashtaka. Wiki hiyohiyo msichana mwingine akasema hataki kushtaki, anataka tu kuhamishwa darasa asimwone yule mtu. Wakamwandalia barua ya kuhama, wakakaa naye vilevile, kwa moyo uleule. Niliwafuata nikawaambia chuo lazima kiwe na msimamo mmoja. Wakaniambia msimamo ni mmoja: anaamua yeye. Yeye nani, nikauliza. Mtu wa miaka kumi na tisa, aliyevurugwa, ndiye aamue, na mimi mwenye vyeti vya ulezi nichemshe chai?

Kwa hayo yote, Ndugu Mkuu, naomba kamati iamue yafuatayo: nirudishiwe ufunguo, ubao wangu usimame tena pale kantini, pasi ipigwe kwingineko, kila mgeni apate ushauri wangu kwanza, atake asitake, usiozidi saa moja na nusu, na ikiwezekana chumba kifungwe mpaka kesi zirudi kuwa sifuri, kisha kifunguliwe kwa wale watakaokuwa hawana tatizo. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na sioni kasoro yake. Kama wanafunzi hao watataka kuendelea kushona, kuna stoo nyuma ya bafu la bwenini, ina dirisha moja na popo wachache.

Sina kinyongo na mtu. Fundi nampenda, na huwa namfichia sukari. Ila kuna kuvunjiwa heshima. Mtu ukizoea kuongea halafu ukawekwa kwenye chumba ambacho hakuna anayekuhitaji uongee, unabaki na mawazo yako mwenyewe, na mimi si mtu wa kuachiwa mawazo.

Nakutakia utendaji mwema na maamuzi ya haki. Msalimie katibu wako muhtasi na umwambie koti lake liko tayari. Wasalimie wajumbe wa kamati, hata yule anayelala vikaoni. Wape watoto salamu, na dada mwambie simu yake nimeiona, nitampigia.

Ni mimi wako mtiifu katika kazi,
Mlezi wa Bweni la Wasichana
(Msimamizi wa mpango, kwa jina tu)

Nyongeza:

Shemeji, na hapa sijapitiwa.

Nilipomaliza kuandika niliichukua barua hii nikampelekea Fundi aisome kabla haijafika kwako. Si kwa wema. Nilitaka imtetemeshe. Chumba kilikuwa kitupu, yeye anafagia nyuzi. Akaisoma yote amesimama. Alipofika kwenye popo alitabasamu kidogo. Nikasubiri ajitetee, nilikuwa na majibu tayari. Akanirudishia karatasi zangu akasema, "Mama, hii barua ni ndefu sana kwa mtu aliyekasirika tu."

Halafu akakaa. Hakusema kingine. Nikajaza mimi, kama kawaida yangu: habari za ubao, habari za umri wake, habari za magoti. Hakudakia. Maneno yakaniishia, shemeji, mimi, yakaniishia kabisa, nikasikia maji yakidondoka kwenye bomba la nje. Na nilipofungua mdomo tena likatoka jambo ambalo sikwenda nalo. Lilinipata nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla hujamjua dada. Nilimweleza mtu mmoja tu wakati ule, mlezi wa bweni letu, mama mwema. Akaniuliza nilikwenda kufanya nini kule. Nikamwomba maji ya kunywa, na tangu hapo naongea mambo mengine.

Leo nimelisema lote, nikalia vibaya, na yule mtoto hakuniuliza hata saa. Mwishoni alitaka kujua tu ningependa nini kifanyike. Nikamwambia sijui. Akasema si lazima nijue leo.

Kwa hiyo naomba Ijumaa unikatalie. Ufunguo unikatalie, na kila kitu baada yake, kwa maandishi na muhuri, nisije nikabadili mawazo asubuhi nikakusumbua tena. Chumba wabaki nacho. Chai nitaendelea kuchemsha.

Dada usimwambie kitu. Nitakuja mwenyewe Jumapili baada ya chakula cha mchana, na wewe siku hiyo jitafutie safari, uende na watoto, msiwahi kurudi.