Mratibu wa Haki, Idara ya Gundi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanda cheo! Bado sijajua nimepanda kwenda wapi.

Asubuhi Mkurugenzi alituita wasimamizi wote ofisini. Alikuwa na barua ya mteja wetu mkubwa, yule muuza vitanda anayenunua nusu ya magodoro ya kiwanda hiki. Aliisoma mara mbili, ya pili polepole, kama mtu anayetafuta kosa la chapa. Mteja anataka kujua tunaheshimu vipi haki za binadamu katika biashara yetu. Nani anaweza kuumizwa na kazi zetu? Tunajuaje? Akiumia tunafanya nini? Mkaguzi atakuja Jumatano ya wiki ijayo.

Haki za binadamu! Sisi tunatengeneza magodoro. Hatuna jela, hatuna jeshi. Mkurugenzi akauliza nani anaelewa mambo haya. Nikanyoosha mkono. Sikuelewa chochote, ila kuna meza tupu chini ya feni ambayo nimeitolea macho kwa miaka.

Kufikia saa nne nilikuwa Mratibu wa Haki, juu ya kazi yangu ya kusimamia idara ya gundi. Mama Stoo, mtunza ghala wetu, akaniuliza kama ninajua hizo haki ni nini hasa. Nikamjibu kuwa haki ni haki. Akasema ahsante, sasa ameelewa. Sikuipenda ile ahsante.

Jumanne, 4 Machi

Mteja anataka sera ya maandishi. Nimeimaliza kwa dakika ishirini! Siri yangu: kabatini kuna kanuni za kujikinga na moto, kurasa mbili, zina muhuri. Nimezinakili, na kila palipoandikwa "moto" nimeweka "binadamu". Nikabandika ukutani kwenye chumba cha kulia kabla ya mapumziko ya mchana.

Mama Stoo akawasomea watu kwa sauti, vijiko vikiwa hewani: "Ukiona binadamu, usihangaike. Piga kengele, kisha toka nje kwa utulivu. Usijaribu kumzima peke yako iwapo amekwisha kuwa mkubwa."

Walicheka mpaka fundi cherehani akapaliwa na chai. Sikuona cha kuchekesha. Mkurugenzi alikuwa ameshaitia sahihi.

Jumatano, 5 Machi

Barua inasema wafanyakazi wawe na njia ya kulalamika bila hofu. Nimetengeneza sanduku kwa mbao za vitanda vibovu. Nimeliweka juu ya meza yangu mpya, ili anayelalamika anione na asijihisi mpweke. Masharti ni matatu tu: jina kamili, idara, na sahihi ya msimamizi wake. Watu wa gundi wana bahati, msimamizi wao yuko hapo hapo.

Mpaka saa tisa, tupu. Nikapeleka habari njema kwa Mkurugenzi: kiwandani hakuna hata lalamiko moja. Mama Stoo akashauri sanduku lihamishiwe kwenye ukumbi wa kubadilishia nguo, bila masharti, kwa usiku mmoja, iwe kama majaribio. Nimekubali. Kesho ataumbuka.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi thelathini na moja. Kichwa kinanizunguka.

Ishirini na tano zinahusu choo. Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa. Choo kipo. Ufunguo upo, ninao mimi shingoni, tangu watu walipozoea kwenda kupumzikia humo. Anayebanwa anakuja kwangu, ninamwandika kwenye daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu. Dakika nne. Huo ni utaratibu, si ukatili! Wamenipa hata jina, Bwana Dakika, nami nikadhani ni heshima.

Tano zinaomba madirisha ya idara ya gundi yafunguliwe. Niliyapigilia misumari mimi mwenyewe, maana vumbi la barabarani hunasa kwenye gundi na godoro hutoka na madoa. Wanasema harufu inawaumiza kichwa. Harufu gani? Nimo humo miaka tisa, sisikii harufu yoyote.

Ya mwisho nimeutambua mwandiko. Ni wa shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye kazi nilimtafutia mimi. Ana mimba ya miezi sita. Haina jina, ila imeanza hivi: "Shemeji, dakika nne siku hizi hazinitoshi, na naona aibu kutaja sababu." Angeniambia nyumbani! Halafu nikakumbuka kwamba aliniambia nyumbani. Nilimjibu mambo ya kazi yasemwe kazini.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne na nusu shemeji alianguka.

Alikuwa anapaka gundi kwenye sponji. Akaweka brashi chini vizuri, kama mtu anayetaka kuchuchumaa, kisha akalala sakafuni. Mama Stoo alikuwa wa kwanza kufika. Akakipakata kichwa chake akapiga kelele nifungue dirisha. Nikakimbilia nyundo. Nyundo iko stoo. Ufunguo wa stoo anao Mama Stoo, na Mama Stoo ameshika kichwa cha shemeji. Nikasimama katikati ya chumba kama nguzo. Watu wakambeba nje.

Zahanati walisema mtoto mzima, mama apumzike, na asirudi tena kwenye hewa ile. Nilitokwa na jasho jembamba mpaka waliposema "mtoto mzima". Muuguzi akataka kujua chumba chetu kinanuka vipi. Nikasema hakinuki. Akafungua chupa ya spiriti akanisogezea puani. Nikamuuliza anataka niinuse au niinywe. Hakucheka. Akauliza hali hii imeanza lini. Nikasema hali gani? Mwaka jana chakula kiliungua jikoni nami nimekaa kando yake nikisoma gazeti. Mke wangu alisema nimezama kwenye habari. Muuguzi akaandika kitu kirefu.

Kwa nini aandike habari zangu wakati mgonjwa ni mwingine? Sielewi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata suluhisho. Shemeji akae nyumbani, bila mshahara, mpaka mkaguzi aondoke. Yeye atapumzika, na mkaguzi hataona mtu mwenye mimba karibu na gundi. Kila mtu anafaidika!

Nikamweleza mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halijawahi kuwa dalili njema. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Umemvutisha sumu, sasa unataka kumficha?"

Nikamwambia si sumu, ni gundi. Amehamishia mto wake chumbani kwa mdogo wake.

Jumatatu, 10 Machi

Fomu ya mteja inauliza pia kuhusu wanaotuuzia sponji na vitambaa. Kumbe tunatakiwa kujali hata watu wa viwanda vya wenzetu! Nimemtumia muuza sponji swali moja lenye majibu mawili ya kuchagua. Je, mnaheshimu haki za binadamu? Ndiyo, au ndiyo kabisa. Jibu limekuja mchana: "Ndiyo kabisa. Ninyi je?" Swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima?

Jioni tulifanya mazoezi. Nimewapa watu majibu manne ya kukariri. La kwanza: saa nane kwa siku. La pili: ndiyo, na maji ya kunywa. La tatu: hapana, hajawahi kunifokea. La nne: tunampenda. Fundi cherehani ameshika yote. Kijana wangu wa kutegemewa, ingawa ana wajukuu.

Jumatano, 12 Machi

Nilimtarajia bwana wa suti. Akaja mama mfupi mwenye viatu vya raba. Hakukaa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa. Akaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani, akamwuliza hajambo.

"Saa nane kwa siku," akajibu fundi.

Akamwuliza nani anamsimamia. Fundi akasema ndiyo, na maji ya kunywa. Mkaguzi akanitazama. Nikautazama ukuta.

Hata hapo mambo yalikuwa bado yanaweza kuokoka. Lakini akauliza choo kiko wapi. Naapa sikukusudia. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nikamwuliza kama ni haraka au anaweza kusubiri. Nikafungua daftari, nikaandika saa, nikamwomba jina na sababu.

Hakwenda tena chooni. Alivuta kiti, akakaa kitako, akaanza kusoma daftari. Kurasa za miezi minne. Kidole chake kilikuwa kinashuka polepole kwenye safu ya sababu, kikasimama kwenye mistari ya shemeji. Mimba. Mimba. Mimba tena. Kisha mwandiko wangu: "Amekataliwa, amezidisha." Siku zote niliona ule mwandiko mzuri. Leo, ukiwa chini ya kidole cha mtu mwingine, sijui ulikuwa na nini.

Akaomba kukaa na wafanyakazi faragha, bila uongozi. Nikamwambia mimi ni Mratibu wa Haki. Akasema mimi hasa ndiye nitoke. Nikabaki kwenye ukumbi. Nikaona mke wangu anaingia getini amemshika mdogo wake mkono! Wakanipita kama wanapita ndoo. Mlango haukufunga vizuri, sauti ya shemeji nikaisikia.

"Sitaki afukuzwe," alisema. "Nataka dirisha."

Nilikwenda chooni kunawa uso. Ufunguo nilikuwa nao, kwa hiyo sikuhitaji kuomba.

Ijumaa, 14 Machi

Taarifa imefika. Mkurugenzi ametusomea, safari hii bila kutafuta kosa la chapa.

Mteja havunji mkataba. Anasema akitukimbia, watu wale wale walioumia ndio watakaopoteza kazi. Ila anataka marekebisho, na atarudi kuyatazama bila kutoa taarifa. Madirisha yafunguliwe na feni za kuvuta hewa chafu ziwekwe. Barakoa za kweli. Mlango wa choo usiwe na kufuli. Shemeji ahamie kazi ya kukaa, mshahara wake ule ule, na siku alizougua alipwe. Wote waliokaa kwenye gundi wapimwe kwa gharama ya kampuni, na walioumia wafidiwe na waombwe radhi. Na mteja amekiri sehemu yake: maagizo yake ya haraka haraka ndiyo yaliyofanya dakika zihesabiwe, kwa hiyo ataturefushia muda. Sikujua mteja naye anaweza kukosea. Nani sasa anamkagua mkaguzi?

Mkurugenzi alivua koti akang'oa misumari mwenyewe. Msumari wa tatu ulimchubua kidole. Kisha akasimama mbele ya idara ya gundi akamwomba radhi shemeji, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, bila kusoma kwenye karatasi. Upepo ukaingia, vitambaa vikaruka, watu wote wakaacha kazi wakavuta pumzi. Nami nikavuta ili nisiachwe nyuma. Hewa ni hewa.

Tukapiga kura ya kuchagua kamati ya haki. Mama Stoo ameshinda, ndiye mratibu mpya. Mimi nimepata kura moja. Nilijipigia mbili, kwa hiyo kuna wizi.

Halafu orodha ya watakaopimwa. La kwanza ni jina langu. Nimemwendea Mkurugenzi kumwonyesha kosa. Mimi si mwathirika, mimi ni uongozi. Akasema gundi haikulijua hilo.

Jumanne, 18 Machi

Daktari ameniwekea chupa nane puani. Kahawa, sabuni, karafuu, sijui nini. Zote maji kwangu. Amesema ni gundi, miaka tisa ya gundi. Huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Nisikanyage tena chumba kile. Nimeuliza kama ana uhakika. Amesema karafuu ingetosha.

Mke wangu amerudisha mto.

Mchana Mama Stoo alikuja nilipohamishiwa, kwa wakunja foronya, akakaa karibu yangu. Nilitaraji anicheke. Hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba nami nina haki ya kulalamika, nimeumizwa kazini kama wenzangu, nami nastahili fidia na kuombwa radhi. Akasema, "Hata wewe, ndugu yangu." Karibu nilie, na sijui kwa nini, maana hakuna aliyekufa.

Nimewaza jioni nzima. Wote waliolalamika wamepata kitu. Mimi peke yangu sijaandika hata mstari! Basi nimeandika kurasa tatu kali dhidi ya mhusika mwenyewe: msimamizi wa idara ya gundi, aliyepigilia madirisha misumari, aliyepuuza afya ya mtu mwaminifu kama mimi kwa miaka tisa. Nimetumia mkono wa kushoto asije akanitambua akanilipizia kisasi. Nimetaka aniombe radhi mbele ya watu, na fidia itoke mfukoni mwake.

Chini nimeongeza ombi dogo. Kwa kuwa namfahamu kuliko mtu yeyote, niteuliwe mimi kumchunguza. Safari hii haponi!